Kuvusha mimea dhaifu kiangazi cha kaskazi Tanga: njia nne, na maua yasiyo ya majira yake yanatuambia nini

Mvua za vuli zikikatika Desemba, bustani za Tanga mjini hubaki na wiki chache za kijani kibichi. Kisha kaskazi inashika, joto la mchana linafika nyuzi 32 au 33, na kuanzia Januari mpaka masika yashuke Machi kila mwenye begonia, waridi jipya, kilua kichanga au Saintpaulia (African violet) ya dirishani anajiuliza ataivushaje. Watunza bustani wa Uingereza hujiuliza hivyo hivyo mwezi Oktoba na Novemba, ila wao wanakimbia baridi: sakitu ya kwanza ikiunguza majani ya dahlia, wanakata mabua, wanachimba viazi vyake na kuviweka ndani, mahali pakavu pasipoganda, hadi joto lirudi. Kwetu adui ni jua, ukame na chumvi. Njia za kujihami, hata hivyo, ni zilezile nne: kuhamisha mmea, kuukinga palepale ulipo, kuulaza, au kuuacha na kuanza upya kwa vipandikizi.

Kwa wengi uamuzi unaishia kwenye uhai wa mmea. Mimi naona lipo jambo la pili la kufikiriwa mapema. Mkrismasi, ule mti wa maua mekundu unaochanua Novemba hadi Januari, ukionekana umewaka mwezi Mei, watu hutoa simu wakapiga picha na kusema majira yameharibika. Mwembe ukitoa maua wakati wenzake wana matunda, maneno ni hayohayo. Huenda ni kweli. Lakini ua lisilo la majira yake ni ushahidi pale tu unapojua mmea wenyewe ulivushwaje kiangazi. Mmea uliomwagiliwa kila asubuhi haukupita kiangazi kilekile ulichopita wa jirani. Kwa hiyo anayetaka kuandika kumbukumbu za maua achague njia ya kuvusha akijua itamruhusu kusema nini baadaye.

Vigezo vya kulinganishia

Njia zote nne nimezipima kwa mambo matano: maji na kazi, nafasi na gharama, hatari, maua yanasema nini, na nani inamfaa.

Kuhusu maji, Tanga si sawa mtaa kwa mtaa. Maji ya bomba ya mjini hutoka bwawa la Mabayani, kwenye mto Zigi unaoshuka kutoka misitu ya Usambara Mashariki, nayo ni maji matamu yasiyodhuru mmea. Visima vya karibu na bahari, upande wa Raskazone, Sahare au Mwambani, ni habari nyingine. Maji yake mengi yana chumvi, na kadiri kiangazi kinavyokaza ndivyo chumvi inavyojikusanya kwenye udongo. Dalili yake ni ncha na kingo za majani kugeuka kahawia huku udongo ukiwa na unyevu. Ukiona hivyo usizidishe maji yaleyale. Tafuta maji matamu, hata kama ni machache, umwage mengi kwa mara moja ili yaisukume chumvi chini ya mizizi.

Kigezo cha maua kinahitaji maelezo zaidi. Tanga iko kama nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kabisa wa mwaka na ule mfupi kabisa ni kama dakika 35. London tofauti hiyo inapita saa 8. Mimea ya kule inaweza kusoma majira kwa urefu wa mchana. Ya kwetu, mingi yake, husikiliza zaidi maji na joto. Mbuni, yaani mti wa kahawa, wa Usambara ni mfano wa wazi: machipukizi ya maua hukaa yamelala wakati wa ukame, mvua nzuri ikinyesha yanaamka, na baada ya wiki moja au siku kumi hivi shamba lote linakuwa jeupe. Mwembe husukumwa na ubaridi wa usiku wa kipupwe, ndiyo maana maua yake huja Juni hadi Agosti. Bogenvilia hupenda kubanwa maji: ukiimwagilia sana inaota majani, ukiiacha ikauke kidogo inajaa rangi. Na asumini iliyopogolewa hutoa matawi mapya, matawi hayo yakaleta maua, hata kama ni mwezi ambao haikuzoea.

Maana yake ni kwamba anayeshika ndoo na mkasi ndiye anayeshika saa ya mmea. Hilo si baya hata kidogo, ila liandikwe.

Njia ya kwanza: kuhamishia barazani

*Maji na kazi.* Mmea wa kwenye chungu hunywa mara nyingi kuliko wa ardhini kwa sababu udongo wake ni mchache. Januari chungu kidogo kinataka maji kila siku, na kile cha plastiki nyeusi kikipigwa na jua hupika mizizi hata ukimwagilia. Chungu cha udongo wa kuchoma hupumua na kupoa, lakini hukauka upesi. Makopo ya rangi yanafaa yakitobolewa vizuri chini. Ukivipanga vyungu karibu karibu, mimea hutiliana unyevu na kazi hupungua. Mwagilia asubuhi: maji yaliyoshinda kwenye tangi juu ya paa, mchana huwa ya moto kabisa.

*Nafasi na gharama.* Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalipi uzito. Kuanzia mapema Oktoba hadi mapema Machi jua la saa sita hapa Tanga huegemea upande wa kusini. Kwa hiyo baraza inayotazama kaskazini ndiyo yenye kivuli Desemba na Januari, na inayotazama kusini ndiyo inayoungua. Kipupwe kikija mambo hugeuka. Aliyepanga vyungu vyake Julai, akaona pako sawa, asidhani Januari patabaki vile. Baraza ya kaskazini ina kasoro moja, nayo ni kwamba upepo wa kaskazi huingia wazi; jamvi la makuti upande wa upepo linatosha. Gharama ni vyungu na udongo wenye mboji, basi.

*Hatari.* Utitiri mwekundu hupenda mahali pakavu na penye joto, na baraza ni hapo hasa. Geuza majani uangalie mgongoni kila wiki. Visahani vya chini ya vyungu vikituamisha maji huzaa mbu, wakiwemo wale wa homa ya dengue wanaouma mchana. Jaza visahani mchanga, maji yashikwe na mchanga badala ya kubaki wazi.

Saintpaulia naizungumzia peke yake kwa kuwa ni yetu. Afisa wa Kijerumani aliyetawala wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyeipeleka Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaipa jina la Saintpaulia. Leo imo madirishani mwa nyumba za dunia nzima. Kwao ni kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, ikiwemo miamba ya chokaa ya nyanda za chini karibu na Tanga yenyewe, si milimani tu. Hiyo inaonyesha kwamba joto la pwani peke yake haliiui. Kinachoiua ni jua la moja kwa moja, maji yanayotuama na hewa kavu. Inyweshe kwa chini: weka chungu kwenye bakuli la maji kwa muda mfupi kisha kitoe. Majani yakilowa huweka madoa. Kwa mmea huu, kati ya njia nne hizi, baraza haina mpinzani wa maana isipokuwa kukata majani yake, nitakakofika baadaye.

*Maua yanasema nini.* Yanasema habari zako zaidi ya habari za mvua. Begonia iliyochanua Februari barazani imechanua kwa sababu ulikuwa unaimwagilia. Ukiandika ratiba ya maji bado rekodi ina faida: utajua mmea wako hupenda nini. Ila usiitumie kumwambia mtu kwamba majira yamehama.

*Inamfaa nani.* Aliyepanga chumba, mwenye ua mdogo uliosakafiwa, mwenye mimea michache anayoipenda mmoja mmoja, na yeyote anayelala nyumbani kila siku.

Njia ya pili: kuukinga palepale ardhini

*Maji na kazi.* Kazi kubwa ni ya mara moja, mwanzoni, kabla udongo haujakauka. Ngoja vuli itoe mvua zake za mwisho, kisha funika udongo ukiwa bado umelowa. Tandazo likiwekwa juu ya vumbi linahifadhi vumbi.

Pwani yetu ina tandazo bora kuliko nyasi: makumbi ya nazi. Yalaze yakiwa yamefudikizwa, mgongo juu, kuzunguka shina, au uyafukie nusu. Usumba wake hunywa maji na kuyaachia taratibu. Yaliyotoka ufukweni yaloweke kwanza kwa maji matamu na kumwaga maji hayo, maana yana chumvi. Nyasi na maranda ya mbao yanafaa pia, ila huleta mchwa. Acha uwazi wa kiganja kati ya tandazo na shina, na ukiona njia za udongo zinapanda kwenye shina, ondoa tandazo lote upande huo mara moja. Waridi hufa kwa mchwa kimya kimya. Majani yakianza kunyauka, kazi imeshafanyika chini.

Kumwagilia, mara mbili kwa wiki hadi maji yashuke chini ni bora kuliko kunyunyiza kila jioni, kwa sababu maji ya juu juu huita mizizi ije juu, ambako joto liko. Njia ninayoipenda zaidi ni mtungi wa udongo usiopakwa rangi, ufukiwe hadi shingoni karibu na mmea, ujazwe maji na kufunikwa kwa kigae. Maji hupenya ukutani polepole kadiri udongo unavyokauka, na mizizi huufuata mtungi ikaukumbatia. Asiye na mtungi atoboe chupa ya maji ya lita moja na nusu tundu dogo dogo, aifukie mdomo juu.

*Nafasi na gharama.* Kivuli cha makuti juu ya fito nne ndicho rahisi. Kiinamishe kidogo upande wa kusini na magharibi, kwa jua la alasiri. Neti ya kivuli ni ghali zaidi lakini hudumu na haidondoshi takataka. Vyovyote utakavyotumia, kiwe cha kuondolewa, maana mmea ukibaki kizani masika yakija utapata majani marefu yasiyo na nguvu na ukungu juu yake.

*Hatari.* Mchwa nimeshawasema. Chumvi ya kisima ni ya pili. Ya tatu ni ng'ombe, mbuzi na kuku, hasa pembezoni mwa mji, kwa sababu kiangazi kijani chako ndicho pekee kinachoonekana mtaani.

*Maua yanasema nini.* Hapa ndipo ushahidi ulipo. Mmea wenye mizizi ya kina, usiomwagiliwa wala kupogolewa, ukichanua nje ya mazoea yake unakueleza juu ya mvua na joto la mahali hapo. Ukiumwagilia kwa mtungi ushahidi unapungua lakini haufutiki, mradi umeandika. Mti mkubwa ambao hakuna anayeuhudumia, kama mkrismasi wa barabarani au mwembe wa uwanjani, ni shahidi mzuri kuliko kitu chochote ulichokipanda bustanini. Nakushauri uchague mmoja kama huo uuandike sambamba na mimea yako.

Kumbuka pia kuwa miaka yenyewe haifanani. Mwaka wa El Niño, kama 1997–1998 na 2023–2024, vuli hurefuka na kuzidi, na kiangazi cha Januari kinaweza kuwa kifupi. Ua la Februari katika mwaka kama huo si kioja.

*Inamfaa nani.* Mwenye kiwanja, mwenye asumini, kilua kilichokomaa, mlangilangi au waridi lililokwishashika mizizi, na mtu anayetaka kumbukumbu anayoweza kuitetea.

Njia ya tatu: kuulaza

Mimea yenye tunguu au kiazi chini ya ardhi hujua kulala bila kufundishwa. Manjano na tangawizi hukausha majani yake ukame ukiingia. Scadoxus, lile ua jekundu la duara kama mpira wa sindano linaloota lenyewe vichakani, hukaa chini kiangazi chote. Caladium na gladiola za dukani nazo ni za kundi hili.

*Maji na kazi.* Hii ndiyo njia isiyotaka maji. Punguza kumwagilia hadi majani yapate manjano yenyewe. Usiyakate yakiwa mabichi, kwa kuwa wakati huo ndipo yanaporudisha chakula chini. Kisha chimba, kung'uta udongo bila kuosha, anika kivulini siku chache, na uzike kwenye mchanga mkavu au maranda ndani ya kasha lenye matundu. Kwa aliye na vyungu kuna njia fupi zaidi: laza chungu ubavu chini ya paa, na udongo wake mkavu, ukisubiri masika.

*Nafasi na gharama.* Kona ya stoo. Karibu bure.

*Hatari.* Vitabu vya nchi za baridi husema hifadhi mahali pakavu, lakini ukavu wa pwani si ukavu wao: hewa yetu ina unyevu hata mvua isiponyesha. Mifuko ya plastiki iliyofungwa huozesha tunguu kabla mwezi haujaisha. Kagua kila baada ya wiki mbili, toa lolote lililolainika. Panya ni adui mwingine. Na hili lisisahaulike: Gloriosa, ua zuri la kupanda lenye petali nyekundu na njano zilizopinda, lina kiazi kinachofanana na kiazi kikuu chembamba nacho ni sumu ya kuua. Kisihifadhiwe jikoni wala karibu na vyakula, na kasha liandikwe kwa herufi kubwa. Nyumba yenye watoto wadogo afadhali kukiacha ardhini.

*Maua yanasema nini.* Kwa yaliyochimbwa, hayasemi kitu juu ya majira. Siku ya kuchanua umeichagua wewe siku uliyolipanda tena. Lakini tunguu la Scadoxus lililoachwa ardhini bila kuguswa ni kinyume kabisa, kwa sababu huchomoza na mvua za kwanza. Mwenye matunguu mawili anaweza kuhifadhi moja na kuliacha jingine.

*Inamfaa nani.* Anayesafiri Januari na Februari, na mwenye maji ya shida. Haimfai mwenye begonia za kawaida, waridi au Saintpaulia. Hizo hazilali, zinakufa.

Njia ya nne: kuacha mmea mkubwa na kuanza upya

*Maji na kazi.* Desemba, mmea ukiwa bado na nguvu za vuli, kata vipandikizi. Begonia hushika kwa kipande cha shina, Saintpaulia kwa jani moja lenye kikonyo lililochomekwa kwenye mchanga uliochanganywa na usumba, waridi kwa tawi la unene wa penseli. Mrehani hata usihangaike na tawi, kusanya mbegu. Viweke kwenye viriba chini ya mti wenye kivuli chepesi. Viriba ishirini hunywa maji machache kuliko kichaka kimoja kikubwa.

*Nafasi na gharama.* Ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote, na inakuachia miche ya kugawa.

*Hatari.* Vingi vitakufa. Lazima ukate vingi kuliko unavyohitaji. Mkonge wenyewe uliingia hivyo Tanga: mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida, vikafika hai 62 tu, na mashamba ya mkonge ya nchi hii yakaanzia hapo.

*Maua yanasema nini.* Mmea mchanga huchanua kwa umri wake, si kwa majira, kwa hiyo mwaka wa kwanza usiuhesabu. Lakini kipandikizi kina faida moja ambayo mbegu haina: ni mmea uleule wa mama. Ulaya upo mtandao wa bustani za kuandika majira ya mimea, ulioanzishwa 1957, unaopanda miti iliyozalishwa kutoka kwa mama mmoja katika nchi mbalimbali, ili tofauti ya tarehe za maua itokane na hali ya hewa na si na ukoo wa mti. Ukimpa shangazi wa Pongwe kipandikizi cha asumini yako nawe ukabaki na mama yake Raskazone, baada ya miaka michache mna jambo la kulinganisha kwelikweli.

*Inamfaa nani.* Mwenye mimea iliyozeeka na kurefuka vibaya, mwenye maji kidogo, na anayependa kugawa. Haimfai mwenye mmea wa kumbukumbu ya mtu, ambao uzima wa mama ndio muhimu.

Uandike wapi: daftari, simu au kalenda ya ukutani

Kalenda ya ukutani huonwa na nyumba nzima, na mtoto anaweza kuweka alama siku ua la kwanza lilipofunguka. Kasoro ni kwamba Desemba 31 inatupwa. Daftari linabeba maelezo na linadumu, ila linataka mtu mmoja mwenye moyo. Simu hutunza picha na tarehe bila kuulizwa, lakini picha ikishatumwa WhatsApp na kurudi, tarehe yake ya awali inapotea; tunza ile uliyoipiga wewe. Anayetaka watafiti waione kazi yake anaweza kuiweka iNaturalist, jukwaa la mtandaoni la kuandikisha mimea na wanyama, mradi aweke alama kwamba mmea ni wa kupandwa.

Kwa vyovyote, andika tarehe ya kalenda ya jua. Pwani tunakumbuka mambo kwa Ramadhani na Idi, na kwa maua mazoea hayo yanapotosha: mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 10 au 11, kwa hiyo "ilichanua Ramadhani" ya mwaka huu na ya miaka sita iliyopita zimepishana miezi miwili. Wazee wa pwani walilijua hilo, ndiyo maana kilimo na safari za baharini walivihesabu kwa miongo, siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa pwani, hesabu inayofuata jua. Mwongo unatosha kabisa kwa mtu asiyeweza kuangalia kila siku.

Mambo ya kuandika ni haya: mmea upi na uko wapi, ua la kwanza kufunguka, siku maua yalipojaa, na siku ya mwisho, mmea mzima au tawi moja tu, lini ulimwagilia na ulipogoa, na mvua. Mvua hupimwa kwa kopo lenye ukuta ulionyooka na rula: milimita moja ndani ya kopo ni sawa na lita moja kwenye kila mita ya mraba ya bustani. Andika pia siku ulizopita ukakuta hakuna ua. Bila hizo hakuna atakayejua kama ua lilikosekana au ni wewe uliyekosekana. Huko Kyoto, Japani, kumbukumbu za kuchanua kwa micheri zinarudi nyuma hadi mwaka 812, na zina thamani leo kwa kuwa waliandika tarehe ya jambo moja, mahali pamoja.

Kulingana na hali yako

Umepanga Ngamiani na huna ua: baraza, vyungu vichache, na chagua mti mmoja wa mtaani wa kuuandika. Ya barazani iwe furaha, wa mtaani uwe ushahidi.

Uko karibu na bahari na kisima chako kina chumvi: usitegemee njia ya pili kwa mimea michanga. Laza inayolala, kata vipandikizi vya mingine, na maji matamu machache uliyonayo yaende kwenye viriba.

Unasafiri mwezi mzima: laza, na kwa vilivyobaki ardhini fukia mitungi kisha umwombe jirani aijaze. Kujaza mitungi ni rahisi kumwelekeza mtu kuliko kumwagilia.

Uko Muheza au karibu na Amani: unyevu wa huko unakupunguzia nusu ya kazi hii, na Saintpaulia inaweza kukaa nje kivulini mwaka mzima. Ukiwa Lushoto geuza kalenda. Shida yako ni baridi ya Juni na Julai, na dahlia inayoteseka hapa mjini kwako hustawi.

Una asumini ya bibi iliyochoka: iache ardhini kwa makumbi na mtungi, usiipogoe kiangazi, na hapohapo Desemba chukua vipandikizi vya akiba.

Unataka maua na kumbukumbu kwa pamoja: kata vipandikizi viwili vya mama mmoja, vilee sawa mwaka wa kwanza. Kiangazi kinachofuata kimoja kikae barazani kikimwagiliwa, kingine ardhini bila maji ya mkono, na vyote viwili viandikwe ukurasa mmoja. Masika yakishika, kile cha barazani kitoe nje taratibu, kwanza chini ya mti kwa wiki moja, kisha jua la asubuhi tu, na siku ya kukitoa nayo iingie daftarini.